Kipimo Kwanza, Amri Baadaye

Mjini Bunia, shauri la makelele huanzia mlangoni pa shefu wa avenyu. Mama anayeamka alfajiri kwenda sokoni anasema hajalala vizuri wiki nzima. Mwenye nganda, yaani baa, anasema muziki wake ni wa kawaida, na kodi analipa. Mchungaji wa kanisa la uamsho lililo ng'ambo ya barabara anasema mkesha ni ibada. Shefu anawasikiliza, anawaomba waheshimiane, na kila mtu anarudi kwake. Makelele yakizidi, shauri linapanda kwa shefu wa kartie, kisha kwenye komini, iwe Mbunya, Nyakasanza au Shari, na huenda likafika polisi. Ngazi zote hizo zinategemea ushahidi mmoja: sikio.

Sikio ni kiungo cha ajabu, lakini ni hakimu mbaya. Linazoea. Linachoka. Linausikia muziki wa rafiki kuwa mtamu, na sala za mwenye dini nyingine kuwa kero. Zaidi ya hayo, sikio la mtu mdogo halina uzito mbele ya mtu mkubwa. Mpangaji akisema sauti imezidi, na tajiri mwenye bafle, yaani spika kubwa, akasema haijazidi, shauri linaamuliwa na cheo. Kwa hiyo sura hii inatetea jambo moja: serikali ya mji ipime kabla ya kuamuru. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika makelele, haki hiyo huanza na namba.

Mji unaohitaji kusikia

Bunia imekua haraka kuliko mipango yake. Vita vya 1999 hadi 2003 viliusukumia mji huu watu wengi kutoka vijijini. Mwaka 2015 mji ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Ituri, na tangu mwisho wa 2017 mapigano ya eneo la Djugu yameleta maelfu wengine. Nyumba zimebanana, kuta ni nyembamba, mabati yako juu ya kila kichwa, na kati ya ukuta na bati mara nyingi kuna nafasi ambayo hewa hupita. Panapopita hewa, sauti nayo hupita.

Umeme nao una sehemu yake katika habari hii. Kwa miaka mingi mji ulitegemea mtambo wa Budana kwenye mto Shari, uliojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, si kwa ajili ya mji wa ukubwa huu. Mahali umeme usipofika au unapokatika, grupu, yaani jenereta, linawashwa: la duka, la kinyozi, la sekretaria, la nganda. Kando ya Boulevard de la Libération magrupu hayo hunguruma pamoja na pikipiki za wamotari na megafoni za wauza dawa. Ndani ya makartie kuna mashini za kusaga, karakana za kuchomelea vyuma, matanga yanayokesha, adhana, kwaya, na sherehe za harusi. Karibu kila sauti hapa ni riziki ya mtu, au imani yake, au huzuni yake. Ndiyo sababu amri ya jumla ya kunyamazisha haiwezi kudumu.

Bunia ina sababu nyingine ya kulinda ukimya wa usiku, sababu ambayo vitabu vya Ulaya juu ya makelele haviitaji. Mwaka 2003 watu wa hapa walijifunza kutambua kwa sikio risasi inatoka upande gani. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya état de siège, na mamlaka ya kiraia yakakabidhiwa wanajeshi na polisi. Katika miji mingi ya mashariki ya Kongo, majirani huitana usiku kwa filimbi na kwa kugonga masufuria wezi wanapoingia. Sauti kubwa hufunika sauti ndogo: bafle likipigwa hadi alfajiri, filimbi ya jirani haisikiki. Hapa usingizi na usalama ni suala moja.

Namba inasema nini

Sauti hupimwa kwa desibeli. Jina hilo linatokana na Alexander Graham Bell, na wahandisi wa simu wa Marekani ndio waliolianzisha katika miaka ya 1920. Jambo la kwanza ambalo kila afisa wa komini anapaswa kulijua ni kwamba desibeli hazijumlishwi kama franga. Grupu moja likitoa desibeli 70 na jingine kama hilo likawashwa kando yake, jumla ni 73. Nishati ya sauti imeongezeka mara mbili, lakini namba imepanda kwa 3 tu. Ikipanda kwa 10, nishati imekuwa mara kumi, na sikio la kawaida huisikia sauti hiyo kama mara mbili ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo mtu anayesema "nimezidisha desibeli tano tu" hajasema jambo dogo.

La pili ni umbali. Chanzo kidogo kilichowekwa mahali pa wazi hupoteza kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Jenereta nyingi ndogo za petroli hutoa kati ya desibeli 65 na 75 zikipimwa mita 7 kutoka zilipo. Tuchukue yenye 70: mita 14 ni 64, mita 28 ni 58. Kwenye kiwanja chembamba, dirisha la jirani haliko mita 28. Hesabu hii peke yake inatosha kumwonyesha mwenye duka kwamba kulihamishia grupu upande wa barabara, nyuma ya ukuta wa tofali usio na tundu, kunaweza kumaliza ugomvi wa miaka bila faini wala polisi.

La tatu ni kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa. Vipimo vya kawaida hupunguza uzito wa sauti nzito ili namba ifanane na usikivu wa mtu. Mpangilio huo huitwa A, nao unafaa kwa magari na mashini. Lakini besi ya nganda hupenya ukuta na kutikisa mabati hata pale ambapo kipimo cha A kinaonyesha namba ya wastani. Kipimo kizuri kina pia mpangilio wa C, ambao hauipunguzii besi. Tofauti kubwa kati ya namba hizo mbili inamwambia mpimaji kwamba tatizo ni besi, na kwamba dawa ni kushusha besi kabla ya kushusha kila kitu.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba ndani ya chumba cha kulala wastani wa usiku usizidi desibeli 30, na darasani wakati wa kufundisha usizidi 35. Mwaka 2022 liliweka kiwango cha kumbi za muziki: wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, usizidi hapo. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani nao wanasema masikio yanaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda salama unapungua nusu. Ukifuata hesabu hiyo, desibeli 100 zina muda salama wa dakika 15 kwa siku. Anayeumia kwanza katika nganda ni kijana anayehudumia meza zilizo mbele ya bafle usiku baada ya usiku. Jirani anaumia baada yake.

Watoto nao wanalipa. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha utafiti wa shule moja ya New York iliyojengwa kando ya reli ya juu. Wanafunzi wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo hilohilo. Kufikia darasa la sita walikuwa wamechelewa karibu mwaka mzima. Reli ilipowekewa mpira na dari za madarasa zikawekewa vitu vya kunyonya sauti, tofauti ile iliondoka. Shule iliyo ukuta kwa ukuta na karakana ya vyuma inapaswa kuisoma habari hii kama inayoihusu.

Usiku mmoja wa kupima

Tuchukue mfano wa shauri moja la nganda, hatua kwa hatua, jinsi linavyopaswa kwenda.

Afisa wa komini anafika kwa mlalamikaji saa nne na nusu usiku, pamoja na shefu wa kartie kama shahidi. Mkononi ana mita ya sauti inayofuata kanuni ya kimataifa ya IEC 61672. Ya daraja la 1 ni ya usahihi mkubwa na kesi nzito. Ya daraja la 2 inatosha kwa kazi ya mji. Kabla ya yote anaingiza maikrofoni ndani ya kifaa kidogo kinachotoa sauti moja tu, desibeli 94 kwenye mtetemo wa 1,000 kwa sekunde. Mita ikisoma 94, iko sawa. Isiposoma 94 anairekebisha, na anaandika. Dakika hii moja ndiyo inayompa nguvu mbele ya wakili wa upande wa pili.

Anaivisha maikrofoni sponji ya kuzuia upepo, anaisimamisha juu ya miguu mitatu, urefu wa mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ardhini, mbali na ukuta, kwa sababu ukuta hurudisha sauti na kuongeza namba. Anaandika saa, hali ya hewa, na mahali kifaa kiliposimama. Mvua ikianza anaahirisha, maana bati lenye mvua lina makelele yake. Anapima dakika kumi muziki ukiendelea. Hatafuti namba ya juu kabisa iliyoruka mara moja. Anatafuta wastani wa nishati wa kipindi chote. Pikipiki ikipita karibu, anaisimamisha mita kwa muda na kuandika kwamba imepita.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Anamtuma mtu amwombe mwenye nganda azime muziki kwa dakika kumi, kisha anapima tena. Hii ndiyo sauti ya mtaa wenyewe: grupu la mbali, wadudu, mazungumzo, barabara. Bila namba hii ya pili, ile ya kwanza haimhukumu mtu yeyote, kwa maana huenda makelele yalikuwa ya mwingine.

Tuseme muziki ukiwaka mita imesoma 61, na ukizimwa 46. Tofauti ni 15. Namba zote mbili zinaandikwa kwenye fomu, pande zote zinatia sahihi, na nakala inabaki kwa mlalamikaji. Hapo ndipo mwenye nganda na mama wa sokoni wanakuwa sawa mbele ya karatasi moja.

Majirani wameandika nini

Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda ilitoa kanuni za viwango vya makelele mwaka 2003. Hospitali zilipewa kikomo cha desibeli 45 mchana na 35 usiku; makazi 50 na 35; makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani 55 na 45; viwanda 70 na 60. Mchana ulihesabiwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku.

Kenya ilifuata mwaka 2009 na kanuni kali zaidi: usiku unaanza saa mbili, na karibu kila eneo, hata la biashara, linapaswa kushuka hadi 35. Katiba ya Kenya ya 2010 iliongeza jambo kubwa, kwa kuandika wazi kwamba kudhibiti makelele ni kazi ya serikali za kaunti. Mwishoni mwa 2022 Gavana Johnson Sakaja wa Nairobi alitangaza kufuta leseni za klabu za usiku zilizo katikati ya makazi. Tanzania ina kanuni zake za 2015, na mwaka 2023 baraza lake la mazingira, NEMC, lilifunga baa na kumbi nyingi kwa sababu ya kelele. Rwanda mwaka 2018 ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali kwa makosa ya usalama wa majengo, usafi na kelele, na katika wilaya ya Nyarugenge misikiti ilikatazwa kutumia vipaza sauti kwa adhana.

Mifano hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kufunga ni rahisi kuliko kusimamia. Mlango ukifungwa, wafanyakazi wanakosa mshahara, mwenye mali anatafuta mkubwa wa kumwombea, na baada ya muda muziki unarudi kama ulivyokuwa. La pili ni kwamba kikomo kisichofikika huzaa rushwa. Desibeli 35 nje ya nyumba usiku ni ukimya wa kijijini. Nyenje na vyura peke yao wanaweza kuivuka namba hiyo. Sheria inayomfanya kila mtu kuwa mkosaji humpa mkaguzi uhuru wa kuchagua nani wa kumkamata na nani wa kumwacha. Maskini wanajua vizuri uchaguzi huo huwaangukia akina nani.

Ipo njia nyingine, na inalingana na sheria za Kongo kwa sababu inatoka katika utamaduni uleule wa kisheria. Ufaransa, kwa makelele ya ujirani yatokanayo na shughuli za kazi, huuliza chanzo kimeongeza kiasi gani juu ya sauti ya kawaida ya mtaa. Mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, ziada inayoruhusiwa ni desibeli 5. Usiku ni 3, na nyongeza kidogo hutolewa kwa makelele ya muda mfupi. Mtaa wenye pilika unahukumiwa kwa sauti yake, na mtaa mtulivu kwa utulivu wake.

Turudi kwenye mfano wetu. Mtaa una 46. Usiku jumla isizidi 49. Ili jumla iwe 49, muziki wenyewe ukifika kwa mlalamikaji uwe 46, kwa sababu 46 na 46 hutoa 49. Kutoka 61 hadi 46 ni kushuka desibeli 15. Nishati imepungua zaidi ya mara thelathini, lakini kwa sikio muziki umebaki kama theluthi moja, na ndani ya nganda watu bado wanaweza kucheza. Mabafle yatolewe barazani na kuelekezwa ndani, besi ishushwe, upande wa jirani ujengewe ukuta hadi kwenye bati. Afisa anatoa siku za marekebisho na kurudi na mita. Faini inakuja baada ya kipimo cha pili, na kufunga baada ya cha tatu.

Komini ianzie wapi

Msingi wa sheria upo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yanayofaa kwa ustawi wake. Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 inaweka kanuni kuu za kulinda mazingira. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inaipa miji na komini utu wa kisheria na mamlaka juu ya mambo ya mahali pao. Na tapage nocturne, yaani makelele ya usiku, ni kosa ambalo kila polisi wa Kongo analijua kwa jina. Kinachobaki ni kuliondoa kosa hilo kwenye maoni ya mtu na kulipeleka kwenye utaratibu unaoweza kukaguliwa.

Mwanzo hauhitaji fedha nyingi. Mita moja ya daraja la 2 na kifaa chake cha kuipima vinaweza kutumiwa na komini zote tatu kwa zamu. Kwa kila komini watu wawili wafundishwe, na fomu moja itumike mji mzima, kwa Kifaransa na Kiswahili, ili mlalamikaji aweze kusoma anachotia sahihi. Simu za mkononi zisitumike kutoa adhabu, kwa sababu maikrofoni zake hazilingani. Zinafaa kwa kuchuja, kuonyesha wapi mita ipelekwe kwanza.

Daftari la malalamiko ni muhimu kama mita. New York ilipounda tume ya kupambana na makelele mwaka 1929, ilifanya mambo mawili kwa pamoja: lori lenye vifaa vya kupimia lilizunguka mitaani, na wakazi waliulizwa kwa dodoso lililochapwa magazetini ni nini kinachowasumbua. Bunia inaweza kufanya hivyo kwa njia zake. Mashefu wa avenyu wanajua tayari ni nganda ipi, kanisa lipi na grupu lipi linatajwa kila wiki. Malalamiko hayo yakiandikwa kwa tarehe na saa, baada ya miezi michache mji unakuwa na ramani ya makelele iliyotengenezwa na wenyeji.

Halafu mpangilio wa upole na ukali. Maeneo ya hospitali kuu, vituo vya afya na shule yapewe ulinzi wa kwanza, na vibao viwekwe. Matanga na harusi zipewe kibali cha bure chenye saa ya mwisho, kama kanuni za Kenya na Uganda zinavyoruhusu vibali vya muda, ili anayelia asigeuzwe mhalifu. Nyumba za ibada zipimwe kwa utaratibu uleule wa nganda, nje, kwenye ukuta wa jirani, bila neno juu ya mafundisho. Kanisa, msikiti na baa zikisimama mbele ya kipimo kimoja, hakuna atakayesema anaonewa kwa imani yake. Na anayeomba ruhusa ya kufungua ukumbi aonyeshe kwanza kwenye mchoro mabafle yatakaa wapi na grupu litakaa wapi, kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Mwisho, matokeo yatangazwe. Kila komini ibandike ubaoni orodha ya vipimo vya mwezi: mahali, namba mbili, hatua iliyochukuliwa. Mkaguzi ambaye namba zake zinasomwa na mtaa mzima hana nafasi kubwa ya kuuza usingizi wa watu. Mwenye nganda aliyerekebisha atajua kwamba mwenzake hakupitishwa mlango wa nyuma. Mama wa sokoni naye atakuwa na karatasi ya kumwonyesha shefu, na shefu atakuwa na jibu zaidi ya kuwaomba watu waheshimiane. Mji uliozoea kuamriwa kwa nguvu unaweza kuanza kuzoea kuongozwa kwa ushahidi, na makelele ni mahali pazuri pa kuanzia, maana kila mtu ana sikio na kila mtu ana jirani.